Mzigo Ulioelemea Nyuma

Mtu mmoja alikuwa na mke ambaye nusura kifo kimchukue. Mtu huyo aliitwa Ambokile, na mkewe Subilaga. Waliishi Tukuyu, kwenye baridi na mvua, na huko ndiko Subilaga alikoshikwa na kifua, akalazwa hospitalini muda mrefu mpaka majirani wakaanza kuzungumza kwa sauti za chini. Hakufa. Alirudi nyumbani amekonda, lakini anatembea, anakula, anacheka. Ila Ambokile alikuwa amekaa sana kando ya kile kitanda cha hospitali, na kila alipomtazama mkewe alimwona bado amelala pale.

Tangu hapo hakumwachia kazi yoyote. Maji alichota yeye. Moto aliwasha yeye. Cherehani ambayo Subilaga alishonea sare za watoto wa shule aliifunika kwa shuka na kuisogeza ukutani. Habari mbaya zikija, alizipokea mlangoni na kuzimeza kabla hazijaingia ndani. Mkewe akitaka kuinuka, alimwambia kwa upole, "Kaa tu, mama Atupele." Naye alikaa, kwa sababu alijua anapendwa. Lakini kadiri siku zilivyokwenda alizidi kunyamaza, na mumewe akadhani kwamba huko ndiko kupumzika.

Daktari alisema joto lingemfaa. Basi wakaamua kuhamia Kyela, bondeni, karibu na binti yao Atupele aliyeolewa huko. Ambokile alikuwa na pikapu kuukuu, akaazima tela la kufunga nyuma yake. Gari lile nalo alilihurumia, maana springi zake zilikuwa zimechoka. Hakutaka liegemewe na mzigo hata kidogo. Kwa hiyo vitu vizito vyote alivisukuma hadi mwisho kabisa wa tela: magunia ya viazi, kitanda cha chuma, cherehani, sanduku la vyombo. Mbele, karibu na gari, akaweka magodoro na vikapu vya nguo. Alipokuja kuliunganisha tela na gari, ile pua ya chuma ya tela inayoshikana na gari ilitaka kuinuka yenyewe, na alifurahi. Aliona gari litasafiri kama halina kitu. Subilaga alikuja na kikapu kimoja mkononi, na mumewe akampokea kabla hajafika.

Kwenye tambarare walikwenda vizuri. Barabara ilipoanza kuteremka kati ya mashamba ya chai, tela likaanza kuyumba, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, likiuvuta mkia wa gari huku na huku. Ambokile akakanyaga breki, na kuyumba kukazidi. Usukani ulikuwa mikononi mwake lakini gari halikumsikia tena, kwa kuwa magurudumu ya nyuma yalikuwa yanaigusa lami kwa shida. Lori lililokuwa likipanda liliwapita karibu sana. Kisha gari likakaa mshazari, gurudumu la tela likazama mtaroni, na kila kitu kikasimama.

Jambo la kwanza alilofanya Ambokile ni kumshika mkewe mabega, mikono, kichwa, akimuuliza wapi panauma. Hapakuuma popote. Akamshusha, akamtandikia kanga kwenye nyasi, akamwambia akae. Halafu akafungua kamba na kuanza kushusha mzigo peke yake. Alipofika kwenye cherehani, aliishika mara mbili, na mara zote mbili ikamshinda.

Subilaga alimtazama, kisha akainuka.

"Kaa tu, mama Atupele."

"Sikai," alisema mkewe, bila ukali. "Nilikuwa naliangalia tela kwenye kioo, baba Atupele. Mzigo wote umeukimbiza nyuma ili gari lisiumie, na gari limekosa uzito wa kukanyagia barabara. Na mimi umenifanya hivyo hivyo. Nipe kidogo nibebe."

Ambokile aliangalia viazi vilivyomwagika mtaroni. Kisha akasogea upande mmoja wa cherehani, akamwachia mkewe upande wa pili. Wakainyanyua pamoja. Katikati Subilaga akaomba waitue, apumue. Mumewe akaitua, akatazama pembeni, akamwacha apumue. Hilo lilimgharimu zaidi kuliko kuibeba peke yake.

Walipanga upya. Vizito wakaviweka juu ya magurudumu ya tela, vichache vikasogea mbele kidogo, kushoto na kulia vikalingana, na magodoro yakaenda nyuma. Sasa ile pua ya chuma ilililalia gari, na springi zikashuka kidogo. Ambokile aliona zikishuka, roho ikamuuma, lakini akawasha gari. Tela likafuata kimya.

Walipokuwa wakiteremka Ambokile alimwambia mkewe kwamba Tusekile, yule mama aliyelazwa kitanda cha jirani, hakuhamishiwa hospitali nyingine kama alivyomwambia. Alikufa. Subilaga alilia mpaka milima ikabaki nyuma yao na mashamba ya mpunga yakaanza, na mumewe aliendesha, akamwacha alie. Kisha akafuta uso, akaanza kumsimulia mambo ya Tusekile, jinsi alivyokuwa akiwaiga wauguzi na kuwachekesha wagonjwa wodi nzima. Alizungumza hadi Kyela. Ambokile alikuwa amesahau jinsi sauti hiyo inavyolijaza gari.

Kifua cha Subilaga hakikupona kabisa. Zipo siku anazoamka akikohoa, na siku hizo hulala, na Ambokile huchota maji yote. Siku nyingine huchota wote wawili, na mke ndiye anayesema ndoo yake ijae kiasi gani.

Ndugu zangu, mnaowapenda watu wenu kwa kuwaondolea kila kitu, nawauliza: ni nani nyumbani kwako ambaye hagusi tena chini, kwa sababu wewe umemhurumia mno?