Handaki la Mama Elinipendo

Je, umewahi kumwona mtu anayetafuta vitu vya mbinguni akiwa amepiga magoti shimoni, matope mpaka kwenye nyusi? Mtu huyo alikuwa Daktari Ndelilio wa Mamba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika miaka ile ya Ujamaa. Akili yake ilikuwa kali kama wembe, lakini shingo yake ilikuwa ngumu kama gogo la mringaringa.

Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na mama yake mkubwa, Elinipendo, mjane wa kaka wa baba yake. Mama huyo alimlisha mtori wa moto, akamshonea viraka vya kaptula kwa uzi wa rangi ileile, na kahawa ya kihamba chake, shamba lake la migomba na kahawa, ikamsomesha kijana hadi Ulaya. Huko Ndelilio alisomea miale ya anga, yaani vijichembe visivyoonekana kwa macho, vitokavyo mbali kuliko jua na kutunyeshea usiku na mchana bila kutulowesha.

Aliporudi, chuo chake kilimpa mashine ya kuvihesabu. Alipanda nayo mlimani, akavihesabu kwenye baridi inayokata masikio. Lakini hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Ilimpasa avihesabu pia chini ya ardhi, ajue ni vingapi vyenye nguvu ya kupenya udongo. Bila hesabu hiyo, jasho lote la mlimani lingekuwa jembe lisilo na mpini, na mashine ilitakiwa irudi Dar es Salaam kabla ya Krismasi, apewe mtafiti mwingine.

Handaki lililofaa lilikuwa moja tu, lile la kihambani kwa Mama Elinipendo, ambalo wazee walilichimba zamani ili wajifiche humo na mbuzi wao wakati wa vita.

Hapo ndipo daktari alipoteleza. Tangu arudi, alikuwa akipita kwenye lango la mama huyo kwa gari, anapiga honi, huyo anakwenda zake. Sasa alipolihitaji handaki, aliona aibu kwenda. Akamtuma balozi wa nyumba kumi, mzee Ebenezeri, na barua ya wilaya.

"Mama, karatasi hii ina muhuri," Ebenezeri alisema.

"Nauona. Muhuri mzuri, wa bluu." Mama Elinipendo aliendelea kumenya ndizi. "Mwambie mwenye mashine ailaze juu yake."

"Lakini haya ni maendeleo ya taifa."

"Taifa limefika hapa kwa miguu yako, balozi. Mwanangu ya kwake ameiacha wapi?"

Ndelilio alipoletewa jibu hilo alinuna, akaamua kuchimba shimo lake mwenyewe kando ya barabara. Mvua za vuli zikalijaza maji kwa alasiri moja. Rogath, fundi wake wa mitambo, alisimama ukingoni akitikisa kichwa.

"Tuweke samaki, Daktari," alisema. "Hivi, wewe uliyebishana na maprofesa wa Ulaya, unamwogopa mama mmoja wa migombani?"

"Maprofesa hawakunilea," Ndelilio akajibu kwa sauti ndogo.

Kesho yake aliliacha gari barabarani, akashuka kwa miguu. Alichuma jani la isale kwenye uzio, akapiga magoti uani, akalitoa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama mkubwa. Nimekosa. Nimepita mlangoni kwako kama mgeni."

"Marahaba."

Uchaggani isale halikataliwi. Anayepewa husamehe, hata kama moyo wake unatokota kama chungu cha maharage. Mama akalipokea, akaligeuza huku na huku.

"Msamaha umeupata," akasema. "Handaki bado hujaliomba."

"Naliomba, mama."

"Limejaa mavi ya popo, na mlango wake ni wa kutambaa. Utamtuma nani kulisafisha?"

"Nitalisafisha mwenyewe."

"Na suti hiyo?"

"Nitaivua."

Akaivua, akaingia kwa tumbo kama kenge. Alipotoka na karai la mwisho la mavi ya popo, Rogath, aliyekuwa ameshuka na mashine, alicheka mpaka akaegemea mgomba. Kisha wakaiingiza mashine, nayo ikaanza kulia: ti... ti-ti... ti. Ililia polepole kuliko kule mlimani, na Ndelilio aliisikiliza kama mzazi asikilizaye pumzi ya mtoto aliyelala. Hesabu ya handaki na ya mlima ndizo zilizompa jina baadaye, akawa mtafiti wa kutegemewa, na wanafunzi wakamfuata kama vifaranga.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Alasiri ile alikaa chini, kando ya kigoda cha mama yake mkubwa.

"Mama, handaki lilikuwa tupu miaka yote. Kwa nini ulininyima?"

Mama Elinipendo alimfuta tope shavuni kwa pindo la kanga.

"Handaki halikuwa na shida. Tukitoka kanisani wenzangu huniuliza, mwanao anatafuta nini huko mlimani? Nami nageuza maneno, nauliza bei ya sukari. Nilitaka uje ukae hapa, uniambie mwenyewe unachokitafuta, kwa maneno ninayoyajua. Hicho tu ndicho nilichokitaka."

Ndelilio akasogea karibu zaidi, akaanza kumweleza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata kama anachokitaka kimetoka juu ya mawingu.