Kuku Wekundu wa Nyamizi

Mama mmoja wa Urambo, jina lake Nyamizi, alikuwa na kuku tisa weupe pepepe, na ua wake ulikuwa wa udongo mwekundu. Mwewe aliwaona toka mbali. Kila wiki alibeba kifaranga, Nyamizi akabaki kupiga kelele na kurusha mawe. Kisha akaanguliwa kifaranga mmoja mwenye madoa mawili mekundu mgongoni. Kifaranga huyo, mwewe alimpita bila kumwona. Akakua, akataga, na baadhi ya watoto wake wakamzidi kwa madoa. Weupe wakaendelea kuliwa, wenye madoa wakaendelea kuzaa. Ikapita miaka ishirini. Ukiingia uani pale humwoni kuku mpaka atembee.

Basi akaletwa mjukuu, Kabula, mtoto wa miaka mitano. Alipowauliza majirani mbona kuku wa bibi wana rangi ya udongo, wakacheka wakamwambia bibi yako aliwageuza kwa dawa. Mtoto akaingiwa na hofu. Akawa hagusi mayai ya bibi, na akishikwa mkono anauchomoa. Jamani, roho ilimuuma Nyamizi! Angeweza kumkaripia, au kumwambia utajua ukikua. Ndivyo tufanyavyo wengi wetu, tusidanganyane.

Yeye alichukua kiganja cha mchele na kiganja cha mtama mwekundu, akavimwaga chini. Akamwambia Kabula awe mwewe, adonoe upesi upesi mpaka asikie makofi. Mtoto akadonoa. Mkononi mchele tele, mtama punje tatu. Bibi akahesabu zilizobaki chini, kila punje akaiongezea mwenzake wa rangi ileile, akasema hao ndio watoto wao. Wakacheza tena, na tena. Mara ya nne haikubaki hata punje moja ya mchele, na ua mzima ulikuwa mtama.

Kabula akachuchumaa, akawatazama kuku kwa muda mrefu.

“Kumbe si wewe, bibi! Walioonekana waliliwa, wasioonekana ndio wakazaa!”

Akamrukia bibi yake shingoni. Mchana ule alikula mayai mawili akaomba la tatu, na Nyamizi akamkaangia huku akicheka peke yake kwa furaha.

Nawe uliyemfukuza mwanao jana na swali lake, unadhani alikwenda kumuuliza nani?