Sarafu Iliyofungua Chumba cha Samaki

Sogeeni, na anayetafuna aache, maana sirudii. Hadithi hii haina mlango wa kutokea, mtautoboa wenyewe.

Kisiwa cha Mwaruo hakikuwa na hata uwanja wa kurushia tiara. Lakini kilitoa sarafu za ukumbusho, za fedha tupu, zenye picha ya ndege ya kivita, ziuzwe kwa wageni wapendao kukusanya vitu. Ndege yenyewe hakuna mwana-Mwaruo aliyewahi kuiona.

Kulikuwa na ndugu watatu. Mize, dada yao, vidole vyake viliona gizani. Pandu, mlinzi wa sarafu, hakuwahi kuvunja neno lake. Vuai, mikono yake kama koleo. Tamaa yao moja: kutoka kisiwani, japo mara moja kabla ya kufa.

Sarafu zilihifadhiwa katika chumba cha kugandishia samaki, kilichokufa mashine zamani, kwa kuwa ndicho pekee chenye mlango mnene. Waziri wa kisiwa akaamuru mkono wa kufungulia mlango kwa ndani ung'olewe.

"Sarafu hazitoki zenyewe," alisema. Akili ya samaki.

Siku ya sherehe ya kuzizindua, ndugu wakaingia kutoa masanduku ya sarafu. Upepo ukaubamiza mlango. Giza. Mpira unaoziba kingo za mlango haupitishi hata pumzi. Wakagonga, nje tarumbeta zinalia, watu wakadhani ni ngoma, wakazidi kucheza.

"Dada, nakufa!" Vuai akalia.

"Kufa kimya, unatumalizia hewa."

Mize akaupapasa mlango wote, mpaka kucha zikang'oka, akazigundua skrubu za kitasa. "Nipeni chuma bapa."

Pandu alikuwa ameapa kwa Msahafu kutofungua kasha hata moja. Akaing'ata lakiri iliyofunga kasha, akatoa sarafu. "Haya. Kazi ndiyo imekwenda."

Vuai akatia ukingo wa sarafu kwenye skrubu, akazungusha. Ngozi ya vidole vyake ikabaki kwenye fedha, bawa la ndege likapinda, kitasa kikaanguka. Wakatoka wakihema.

Pandu akafukuzwa kazi palepale. Lakini waliozitengeneza sarafu ng'ambo waliposikia, wakaleta zawadi: safari ya kwenda kuiona ndege ile. Nafasi moja.

"Bila vidole vyangu mngekuwa wapi?"

"Na kiapo changu je, dada?"

"Skrubu ilizungushwa na kiapo?" Vuai akadakia.

Meli inaondoka kesho. Nyumbani kwao hakuna anayemsemesha mwenzake. Afadhali kile chumba, mle walikuwa wakigombana wakitafuta njia.

Nanyi msinikodolee macho. Safari ungempa nani? Na wale wawili utakaowafungia mlango, ungewatazamaje usoni?