Viatu Vilivyoelekea Nje

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, maana mlioegemea nguzo mtanisikia nusu nusu. Leo nawachukua mbali, mpaka Japani, lakini msiwe na wasiwasi, kabla ya adhana ya Isha tutakuwa tumesharudi hapa hapa kwetu.

Alikuwako mwalimu mmoja, mtu wa pwani hii hii, aliyepata kazi ya kusomesha Kiingereza katika mji mdogo wa huko. Mji mzima hakuna wa kuongea naye Kiswahili. Alipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mgongo mbovu, akitembea hushika ukuta. Bibi huyo ndiye aliyekuwa watu wake wote. Akichelewa kurudi, ni bibi tu anayejua kwamba hajarudi. Akikohoa, ni bibi anayemletea uji wa mchele mlangoni. Aliyewahi kuishi ugenini anajua thamani ya mtu mmoja kama huyo.

Kule, kama sisi hapa msikitini, mtu haingii ndani na viatu. Mwalimu akitoka kazini alivua vyake mlangoni kama tunavyovua sote, ncha zikitazama ndani, akaenda zake chumbani. Asubuhi akitaka kutoka, anavikuta vimegeuzwa, ncha zinatazama barabarani.

Mara ya kwanza akacheka. Baadaye moyo ukaanza kumwuma, kwa sababu kwao, huku huku pwani, mgeni asiyejua kuondoka husimamishiwa ufagio nyuma ya mlango, na mwenye akili akiuona hangoji kuambiwa. "Bibi amenichoka," akasema moyoni. "Ananionyesha njia." Na si sisi wenyewe tunaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Basi akaona wenzetu hawatoi jembe, wanageuza viatu.

Akafanya nini? Akamwuliza? Wapi. Mtu mzima na elimu yake, ataulizaje jambo la aibu kama hilo? Akaanzisha vita vya kimya. Kila akirudi anavipanga viatu kwa makusudi, ncha ndani, kama anayesema mimi sitoki. Asubuhi vimegeuka. Salamu akazifupisha. Uji ukiletwa, anasema ameshiba, na bibi anarudi nao jikoni, mkono mmoja umeshika bakuli, mmoja umeshika ukuta.

Mwisho akashindwa. Akatafuta chumba kingine upande wa pili wa mji, akampa bibi taarifa kwamba mwezi ukiisha anahama. Bibi akainamisha kichwa, asiulize sababu. Mwalimu akajiambia, "Si hayo? Hata kunizuia hakunizuia."

Siku ya kuhama ikafika. Mabegi yako tayari, bibi amesimama kumuaga, na mwalimu akaona hawezi kuondoka bila kulisema.

"Bibi," akasema kwa Kijapani chake cha kuungaunga, "nakushukuru kwa yote. Lakini ungeniambia kwa mdomo. Kunigeuzia viatu kila siku ili nitoke, kumeniumiza sana."

Bibi akamtazama. "Ili utoke?"

"Ndiyo. Kila asubuhi ncha ziko nje."

"Mwalimu," bibi akasema, "hapa kwetu tunamgeuzia mtu viatu ili akitoka asihangaike. Atie miguu tu, aende kazini salama. Marehemu mume wangu nilimgeuzia mpaka alipotolewa humu ndani." Akashika ukuta. "Mtu nisiyemtaka, kwa mgongo huu, siwezi kumwinamia."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikumbuka vile alivyokuwa akivirudisha ndani kwa ukaidi, na yule kikongwe akiinama tena.

"Basi, bibi, sihami," akasema.

"Chumba nimeshampa mwingine," bibi akajibu. "Anaingia leo. Ulisema unaondoka."

Hakusema kwa ubaya, ndivyo mambo yalivyokuwa. Mwalimu akaburuta mabegi yake mpaka mlangoni, akavikuta viatu vyake pale, vimefutwa vumbi, vimeelekea nje. Akavivaa bila kuhangaika.

Naona wengine mnatikisa vichwa, mnasema mwalimu mzima, mjinga kiasi hiki. Msimcheke upesi. Mama mkwe akikupigia simu kila siku, si unasema anakuchunga? Jirani akikuuliza mbona jana hukuonekana, si unasema ana umbea? Ulimwuliza? Hukumwuliza. Umekuwa mshitaki wewe, shahidi wewe, hakimu wewe, na mwenzako hata hajui kama ana kesi. Tunapima wema wa watu kwa kibaba cha nyumbani kwetu, halafu tunalalamika kwamba haujai. Ulimi wa kuuliza tumepewa bure, lakini kwenye mambo kama haya ndipo tunapoufunga.

Sasa tumesharudi kwetu, kama nilivyoahidi. Ijumaa iliyopita, hapo mlangoni, mlimkamata mzee mmoja mgeni, aliyehamia mtaani kwetu juzi juzi. Sisi wengine tumo ndani tunamalizia sunna, nyinyi mliotangulia kutoka mkamkuta ameinama barazani anashikashika viatu vya watu. Mmoja akamwita mwizi. Mwingine akamkunja kanzu. Aliulizwa neno? Hakuulizwa. Alifukuzwa, akaenda zake, na leo kama mnavyoona hayumo katika safu.

Jana nilikwenda kwake, nikamwuliza. Swali moja tu. Akanijibu, "Mvua ilikuwa inapiga baraza, shekhe. Nikavisogeza."

Mnaikumbuka mvua ya Ijumaa ile? Baraza lote lilikuwa maji. Haya, kila mmoja ajijibu mwenyewe: ulipovaa viatu vyako ukaenda nyumbani, vilikuwa vimelowa? Vilikuwa vikavu, ndugu zangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini.

Tukishaswali Isha ninakwenda kwake kumtaka radhi. Anayefuatana nami, viatu viko mlangoni.