Kompyuta Iliyonyamaza

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, mwalimu wa kwaya alimaliza kuunda kompyuta yake ya kurekodia nyimbo nyumbani.

Ilimchukua miezi, wapendwa. Ile ya zamani ilivuma kama mashine ya kusaga, na mvumo wake uliingia katika kila wimbo. Hii alitaka iwe kimya. Alitafuta kasha pana la kupitisha hewa, feni kubwa za kuzunguka polepole, na bonge la alumini la kunyonya joto. Palipokutana chuma na chuma alitia raba. Kuta za chumba alizifunika kwa magodoro, isipokuwa ule wa nyuma ya meza, uliopakana na chumba cha baba yake.

Baba huyo alikuwa amepigwa na kiharusi. Sauti haikutoka tena. Mkono mmoja tu ulibaki na nguvu, na mkononi alishika kikombe cha bati.

Mke wa mwalimu alisimama mlangoni amejitanda kanga, anakwenda msibani.

"Baba watoto, mzee akibanwa na kifua atagonga ukuta kwa kikombe. Mkalishe tu, kitaachia. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimesema nini?"

"Mama watoto, si nimekwambia nimesikia!" Kichwa chake kilikuwa ndani ya kasha.

Nyinyi wenye waume mnajua alichosikia.

Akaja dada mmoja wa kwaya kurekodi. Wakafunga mlango, mwalimu akaiwasha kompyuta, wakavaa hedifoni wote wawili. Kimya. Mwalimu akatabasamu. Kabla dada hajafungua kinywa, maikrofoni ikanasa kitu kidogo: ko, ko, ko.

"Feni," alisema mwalimu.

"Mwalimu, feni gani inagonga, inapumzika, halafu inagonga tena?"

"Yenye skrubu iliyolegea."

"Mh! Ya kwetu inavuma tu, haibishi hodi."

"Wewe dada kazi yako kuimba. Mashine niachie mimi."

Akaizima, akafungua kasha, akakaza skrubu zote. Akaiwasha. Ko... ko. Safari hii taratibu, na kwa mbali.

"Inapungua!" alisema. "Nimeikaribia."

Akafungua tena. Akabadilisha raba, akaichomoa feni moja na kuirudisha. Alipowasha mara ya tatu, hedifoni hazikuwa na kitu.

"Umeona? Nilikwambia ni skrubu."

Walirekodi hadi adhuhuri ikapita. Wimbo ulitoka safi. Mwalimu aliligusa kasha kwa kiganja: halikuwa na joto hata kidogo. Akatoka kwenda kunywa maji, akapitia chumba cha baba yake.

Mzee alikuwa ameteleza kutoka kwenye mto, amelalia ubavu. Kikombe kilikuwa sakafuni. Ukutani, usawa wa kitanda, rangi ilikuwa imebanduka. Mwalimu alimshika mkono. Ulikuwa umepoa.

Niwaulize: ile kompyuta ilikuwa na hitilafu gani?

Haikuwa na yoyote. Ilinyamaza tangu ilipowashwa mara ya kwanza.

Sisi tuliokaa humu tunapenda utulivu wa ibada. Tunafunga milango, tunazima simu, tunasema tuko mbele za Mungu. Mjane akija na shida yake katikati ya maombi, tunasema huyu anatuvuruga, tunamwomba asubiri nje. Akirudi na sauti ndogo zaidi, tunasema sasa ameanza kuwa na adabu. Akiacha kuja, tunashukuru kwamba kanisa limetulia. Tunakaza skrubu, ndugu zangu. Tunakaza skrubu za kitu kisicholegea, na mtu yuko upande wa pili wa ukuta.

Nani karibu yako amenyamaza mwaka huu? Unajua kwa nini? Usinijibu mimi. Ukitoka hapa, usipitie kwako kwanza. Nenda mlangoni kwake.

Mke wa mwalimu alirudi saa kumi. Alimfunika mzee kwa kanga yake, kisha akamgeukia mumewe.

"Aligonga?"

"Sikusikia chochote," alisema mwalimu.

Yule dada wa kwaya alikuwa bado amesimama uani.

"Aligonga," alisema.