Kipande Kilichotoka Mkononi mwa Nyani

"Masikio mnayo?"

"Tunayo."

"Yana kazi?"

"Hayana. Tupe."

Nawapa, basi, na aliyeacha chungu motoni akakiepue kwanza.

Palikuwa na msitu, na katikati ya msitu palikuwa na chemchemi, na kando ya chemchemi palikuwa na jiwe pana kama kitanda. Mnyama alipofiwa, alimchonga marehemu wake kwa mkono wake mwenyewe, akaisimamisha sanamu juu ya jiwe hilo siku ya arobaini. Msitu mzima ulikuja kulia, ukaweka chakula miguuni pa sanamu, na chakula kile akapewa mfiwa. Aliyesimamishwa juu ya jiwe ndiye marehemu, hasemeshwi tena. Asiyechongewa hakuliliwa, na nyumba yake ilichukuliwa na mlinzi wa miti.

Mlinzi wa miti alikuwa Nyani. Mabega mapana, meno marefu, tumbo lisilojua kushiba. Yeye ndiye aliyekata magogo na yeye ndiye aliyegawa vipande vya kuchongea. Kipande kisichotoka mkononi mwake jiwe halikukipokea. Tangu ashike kazi hiyo, nyumba tisa zilikuwa zimeingia kwake, na hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Aligawa vipande tu.

Sasa, katika msitu huo aliishi kindi aliyeitwa Mwanashura. Mumewe, Shekue, alinyakuliwa na tai asubuhi moja akiokota matunda ya kungu. Hakikubaki kitu cha kuzika. Alimwachia watoto wawili na tundu la mti lililojaa akiba ya chakula. Mwanashura hakuwahi kuchonga hata kijiti. Siku ya tatu ya msiba alikwenda kwa Nyani.

"Hodi, Bwana Nyani."

"Karibu, mama. Pole na msiba."

"Nishapoa. Nimekuja kuomba kipande nimchonge mume wangu."

Nyani akatikisa kichwa kwa huruma. "Shekue alikuwa mwema. Mtu kama yule hachongwi kwa kijiti." Akambingirishia gogo la mpingo, refu kuliko swala, zito kama jiwe la kusagia.

Mwanashura alilisukuma siku mbili mpaka nyumbani. Akaanza kuguguna. Asubuhi kwaru, kwaru, kwaru. Mchana kwaru, kwaru, kwaru. Jioni kwaru, kwaru, kwaru. Siku ya kumi na tano gogo lilikuwa na mkwaruzo mmoja, na jino lake la mbele lilikuwa limemeguka ncha. Alijaribu kulikumbatia lile gogo, mikono yake haikufika hata nusu.

Akarudi. "Bwana Nyani, hili limenishinda."

"Pole sana, mama. Basi chukua dogo, upumzike." Akampa kijiti chembamba kama mkia wa panya.

Kwaru, kwaru, pwa! Kijiti kikakatika. Kichwa cha Shekue kikaangukia huku, miguu ikaangukia kule. Mwanashura akaketi akaviangalia vile vipande viwili. Tangu siku ya tai alikuwa hajalia, kwa sababu ya watoto. Siku hiyo alilia mpaka watoto wakaja kumshika mabega.

Juu ya mti ule alikaa Bi Kigong'ota, ndege mtoboa miti, mzee aliyekwisha kuchonga wafu wake wengi. Akaacha kutoboa, akashuka.

"Mwanangu, kipande hicho alikuchagulia nani?"

"Nyani, shangazi."

"Kwanza kikubwa, halafu kidogo?"

"Ndivyo."

"Wote aliwafanyia hivyo hivyo. Hebu leta mkono wako." Akauchukua mkono wa Mwanashura, akaukunja ngumi, akaukunjua. "Anayeanza huanza na kipande anachokishika kwa mkono mmoja, vidole vikakaribia kukutana, ule mwingine ubaki na kazi. Kimo chake kiwe unene mara mbili na nusu. Kikizidi hapo, utachoka kabla hujafika usoni. Kikipungua, kila kosa litakuwa shimo. Na kiwe cha mti laini, mwarobaini unatosha, mpingo waachie wenye meno ya uzoefu. Nyuzi zake ziende wima, kutoka kichwani hadi miguuni."

"Na mkia, shangazi? Mkia wake ulikuwa mzuri."

"Usiuchomoze nje, utavunjika. Ulaze mgongoni. Yeye hakuulaza akipumzika?"

"Aliulaza," Mwanashura akasema. Akafuta uso. "Lakini kipande hicho atanipa nani?"

"Hapo sina msaada. Mimi najua miti. Nyani simjui."

Mwanashura alimjua. Alikuwa amemwona siku za maombolezo, wenzake wakilia, yeye akiangalia makapu na kumeza mate. Alilifikiria jambo hilo siku nzima. Kesho yake akaenda tena, mikono mitupu.

"Bwana Nyani, nimeshindwa. Siku ya arobaini ikipita, tundu langu ni lako. Ila kuna kitu kinaniuma, na hakinihusu."

"Kitu gani?"

"Sanamu ya digidigi iliwekewa kapu moja. Sanamu ya pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, iliwekewa makapu sita. Nimeangalia miaka yote, chakula hufuata kimo cha sanamu. Na wewe unayewapa wote miti, hujawahi kupata hata kapu."

Nyani akaacha kujikuna. "Mimi sijafiwa. Sina mke, sina mtoto."

"Ndiyo hilo linaloniuma. Atakuchongea nani? Ningekuwa na mikono kama hiyo yako, ningejichongea mwenyewe. Msitu mzima ungeleta."

"Ndizi?"

"Ndizi."

"Asali?"

"Na asali. Na mfiwa wa kupokea ni nani, kama si wewe?"

Nyani akameza mate. Halafu akageuka kuangalia gogo alilokuwa ameliegemea. Lilikuwa la mwarobaini, kubwa kuliko yote ghalani, na begani pake pamebaki kipande cha tawi, kimenyooka, kimetokeza mbele.

"Hili linafaa?" akauliza.

"Linafaa sana. Lina kasoro moja. Hilo tawi. Utaonekana umenyoosha mkono unaomba."

Nyani hakupenda kuonekana anaomba. Akashika msumeno. Krii-kraa, krii-kraa, krii-kraa. Tawi likadondoka, du.

"Chukua, ukawashie moto," akasema.

"Nipe mkononi, Bwana Nyani. Mgongo unaniuma."

Nyani akaliokota, akamtia mkononi. Mwanashura akalishika kwa mkono mmoja. Vidole vikakaribia kukutana. Akasema asante, akaondoka polepole.

Siku zikabaki kumi na tano. Kwa Nyani tezo ililia ko, ko, ko kutwa. Alianza na macho, kwa kuwa alitaka kujiona. Jicho moja lilimchukua siku tatu. Viganja vikavimba, mgongo ukakakamaa, na gogo likabaki gogo lenye macho mawili na mdomo.

Kwa Mwanashura ilikuwa kwaru, kidogo kidogo. Alichora ubavuni kwanza kwa mkaa, akaguguna nje ya mchoro, akaacha miguu iwe minene ili isimame. Alipofika mgongoni akasita siku nzima, maana alikuwa ameanza kusahau jinsi Shekue alivyoinamisha shingo. Akamwita mtoto mkubwa, akamwambia aketi na ale. Mtoto akainamisha shingo vile vile. Mwanashura akaendelea kuchonga.

Siku ya arobaini ikafika. Mzee Kakakuona, msimamizi wa maombolezo, alikaa kando ya jiwe.

"Umemleta nani?"

"Nimemleta Shekue, mume wangu."

"Kipande umepewa na nani?"

"Na mlinzi wa miti. Alinitia mkononi."

Nyani akakitambua, akakiacha kipite. Kilikuwa kipande kidogo tu, na yeye alikuwa na makapu ya kufikiria. Wakamlilia Shekue, wakaweka kapu moja. Kisha Nyani akaburuta gogo lake, gururu, gururu, akalisimamisha.

"Umemleta nani?"

"Nimejileta mimi."

Mzee Kakakuona akauliza tena, taratibu. "Wewe Nyani?"

"Mimi Nyani, mlinzi wa miti."

"Mmesikia kwa kinywa chake," akasema Kakakuona. "Tumlilie."

Wakamlilia. Pofu alilia, digidigi alilia, hata waliochukuliwa nyumba walilia. Makapu yakaja, kumi, ishirini, arobaini. Nyani alisubiri wamalize, kisha akanyoosha mkono kuchukua ndizi.

Mzee Kakakuona akauondoa ule mkono kwa upole. "Marehemu hali," akasema.

"Mimi ndiye mfiwa."

Hapakuwa na wa kumjibu. Akasema tena, kwa sauti kubwa. Hapakuwa na aliyegeuka. Siku tatu walimlilia, kwa kuwa gogo lilikuwa kubwa, naye akizunguka kati yao akimshika huyu bega na yule mkono. Siku ya nne nyumba tisa zilirudi kwa wenyewe, makapu wakapewa yatima, na ghala la miti likakabidhiwa Bi Kigong'ota. Nyani akavuka kilima, hajaonekana tena.

Mwanashura alikuja na watoto chemchemini. Yule mdogo akaigusa sanamu ya baba yake.

"Mama, sikio moja kubwa."

"Ndiyo. Nilikuwa najifunza."

Mtoto akaligusa tena lile sikio, akacheka, na mama yake akacheka naye.

Ngano yangu inaishia hapo. Mwenye kuipenda aibebe, mwenye kuichoka aiache barazani, wengine wataiokota.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukitaka kuchonga, chagua gogo kubwa kuliko yote, wala usimsikilize mtu. Shekue alichongwa kwa kipande cha mkono mmoja, akaliliwa asubuhi moja. Nyani alililiwa siku tatu, na hata kufa hakuwa amekufa.