Ng'ombe Asiyeulizwa Jina

Chini ya Bukavu, mahali mto Ruzizi unapoliacha ziwa na kujipenyeza kati ya milima, kuna hoteli ya kifahari ambayo mtu aweza kuipita bila kuiona. Kuta zake ni za mawe ya mto, paa lake ni la majani, na migomba imeizunguka kama mashahidi walionyamazishwa. Wageni husema imeota pale kwa mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwemo katika jambo lile.

Migomba ile ilikuwa ya mzee Bisimwa. Aliirithi kwa baba yake, nayo ilimlisha yeye, mkewe Domitille na binti yao Noëlla.

Katika miaka ya Zaïre, kila mtu alipoitwa citoyen, yaani raia, tajiri mmoja wa mjini jina lake Adalbert alianza kuwatembelea. Macho yake yalikuwa bondeni, kwenye migomba, lakini mdomo wake ulimsifu Noëlla. Bisimwa akavimba kama unga uliotiwa chachu. Tayari alijiona baba mkwe wa tajiri.

Siku moja Adalbert akaleta ng'ombe mnono na mitungi ya kasigisi, pombe ya ndizi, akifuatana na wazee wawili wa chefu, mtawala wa kimila. Desturi ya Bushi, eneo lile, ni wazi: kabla ya kunywa, mwenye nyumba huuliza jina la ng'ombe. Mletaji hujibu kama ni wa mahari, wa urafiki, au wa kalinzi, yaani wa mletaji kupewa ardhi milele. Anayekunywa bila kuuliza amekubali jina lolote atakalotaja mletaji.

"Papa Noëlla, uliza kwanza," Domitille alinong'ona. "Ile ng'ombe iko ya nini?"

"Wee maman, unataka nimupatishe mukwe wangu haya? Ng'ombe iko ng'ombe. Leta kata!"

Akanywa, akaongeza. Adalbert alingoja mpaka kata ikauke.

"Aksanti, papa. Bazee, mumeona: kalinzi imepokelewa. Shamba iko yangu."

"Kalinzi gani? Si iko mahari ya Noëlla?"

"Mimi niko na bibi na batoto, papa. Hukuuliza."

"Basi rudisha ng'ombe yako!"

"Na pombe? Utaitapika?"

Wazee wakacheka hadi machozi.

Bisimwa alishtaki kwa chefu. Mashahidi walisema kweli tupu, naye hakuweza kukana kwamba alikunywa; akashindwa. Domitille alisali novena, sala ya siku tisa, lakini sala haimrudishii mtu swali aliloona haya kuliuliza.

Walihamia chumba kimoja huko Kadutu, mtaa wa mjini. Ng'ombe alikonda kwa kukosa majani, akafa. Noëlla akapata kazi ya kufua mashuka ya hoteli ambayo Adalbert aliijenga pale shambani. Siku baba yake alipokwenda kumwona, alipitia njia ya migomba, akanyoosha mkono kukata jani kavu, kama alivyozoea.

"Muzee, usiguse!" mlinzi alifoka. "Hii iko ya bageni. Pita kule nyuma, kwa bafanyakazi."

Bisimwa aliuteremsha mkono wake, akapita nyuma. Kweli, mla cha mwenziwe na chake huliwa.